Mayi ya Mubiri

Mtu asiniambie kwamba maneno ni upepo. Mimi nimeona neno moja likila watu, na neno lenyewe lilikuwa dogo tu: maji. Kwetu Kolwezi tunatamka mayi, na ndivyo lilivyotamkwa siku ile katika ukumbi wa kanisa, mchana, mbele ya kina mama wa kambi nzima ya wafanyakazi. Naandika Kiswahili cha shule kwa sababu nilikisomea, lakini watu wangu nitawaacha waseme chao. Nikiwasahihisha hawatakuwa wao tena.

Nilikuwa nimeketi kati ya mama yangu na dada yangu mkubwa. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita kila aliyekutangulia tumboni, na nilimwita hivyo hata tulipogombana, na tuligombana sana. Yaya alikuwa mjane mpya, mwenye mimba kubwa. Mume wake alikuwa dereva wa lori, njia ya Kisenge na Dilolo, mtu wa kucheka kwa sauti, shati halifungi tumboni. Alikonda mpaka saa yake ikawa inamteleza mkononi. Mganga wa mtaani alimchanja chale kifuani kwa wembe, na wembe ule ule, baada ya kufutwa kwenye suruali, ukanyoa vichwa vya watoto wa uani kwetu. Hakuna aliyeshtuka. Tulisema amelogwa, maana siku zile mtu mwenye kazi hakukosa maadui.

Kazi zilikuwa zinakwisha kweli. Mgodi ulikuwa umeporomoka, malori yalikuwa yamelala bila matairi, na kampuni iliyokuwa ikitupa unga, samaki, shule na dawa ilibaki inatupa ahadi. Baba yetu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, akafa hapa, akazikwa hapa. Yaya na mimi tulizaliwa hapa hapa. Kasai tuliijua kwa masimulizi na kwa nyimbo za msibani.

Sasa, nesi aliyekuja kutufundisha habari za sida, ugonjwa ambao wengine wanauita ukimwi, alikuwa mama wa heshima zake. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo. Shida yake ilikuwa kwamba mstari wa mbele aliketi mama mkwe wake mwenyewe, na mikono ameipachika mapajani. Kwa watu wetu mkwe haangaliwi usoni, wala huli mbele yake, sembuse kutaja mambo ya kitandani huku anakusikiliza! Nesi alieleza vizuri kabisa habari za kukonda, za homa, za kuhara. Alipofika penye namna ugonjwa unavyopita kwa mtu na mtu, akameza mate.

"Ile sida inapita mu mayi ya mubiri," alisema.

Maji ya mwili. Mama mmoja nyuma akauliza, "Mayi gani, mama?"

"Mayi ya mubiri," nesi akarudia, macho darini. "Munajua."

Hatukujua, ila nani angekubali kwamba hajui? Tukaitika wote pamoja, ndiyo mama, kama wanafunzi. Nesi akafunga mfuko wake haraka, na mama mkwe wake akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Njiani kurudi nyumbani kina mama waliyagawa yale maji kama watu wanaogawana nyama. Jasho ni maji ya mwili. Mate ni maji ya mwili. Machozi. Kamasi. Maji ya kuogea yakishapita mgongoni mwa mgonjwa. Damu hakuna aliyeitaja, kwa sababu damu ni damu. Ile ya mume na mke ina jina lake, na jina lile halisemwi barabarani. Na maziwa je? Nani angefikiria maziwa? Maziwa ni chakula.

Yaya hakurudi pamoja nasi. Alibaki nyuma kumsubiri nesi. Alipofika nyumbani macho yake yalikuwa mekundu na hakutaka kula bukari, ugali wetu. Nikamtania, "Yaya, ulibakia kuomba kazi ya unesi?" Kwa kawaida angenitukana vizuri, nami ningecheka. Safari hii alipita tu, akaenda kulala na viatu miguuni.

Alizaa mtoto wa kike. Mimi nilikuwa nimezaa wa kiume muda si mrefu kabla yake, kwa hiyo nyumba ilijaa nepi na kelele, na kwa kitambo kidogo tulikuwa na furaha. Halafu yaya akaanza kukohoa. Vipele vikamtoka ubavuni, vya maji, vikamchoma kama moto. Nguo zake zikawa za mtu mwingine. Hapo mama yangu alikumbuka mafundisho.

Alichukua kopo la bati la buluu, limebanduka rangi mdomoni, akaliweka mbele ya yaya.

"Hii njo kopo yako," akasema. "Zile zingine hapana kugusa."

"Mama, haipite mu kopo."

"Nesi alisema mayi."

"Mama, minakuambia, haipite mu kopo."

"Weye njo nesi sasa?"

Yaya alilichukua kopo. Akapewa na sahani yake, na kijiko chake, na ndoo yake ya kuogea. Mama yangu hakuwa mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Alimbeba yaya mgongoni kwa miguu kutoka Kapanga mpaka Kolwezi, kampuni ilipokuwa imempeleka baba huko kwa muda kwa kazi ya barabara, na miguu yake ilipasuka mpaka akawa anaipaka mafuta ya mawese. Lakini alikuwa na wajukuu wawili nyumbani mle. Usiku na mchana alikuwa akifuta vitu. Mtoto wa yaya aliendelea kunyonya, na juu ya hilo mama hakufungua mdomo hata siku moja.

Ndipo wenyeji wakaanza kutufukuza sisi wenye asili ya Kasai. Iliingia kama mzaha. Vijana walipita wakiimba kwamba watu wa Kasai ni bilulu, wadudu, na wadudu wanafagiliwa nje. Kisha jirani niliyempa chumvi miaka yote, mama mwenye kucheka nami kisimani, alikuja mlangoni akaniuliza kama nitaiacha kabati yangu au nitaiuza. Nilimjibu, "Njoo uichukue nikiwa maiti." Aliichukua nikiwa hai. Walikuja na marungu na mafuta ya taa, mume wangu akapigwa mpaka sikio lake moja likafa, tukabeba tulichoweza, tukaenda stesheni pamoja na wenzetu wote.

Watu wa Kasai walijaa pale stesheni kuanzia kwenye reli mpaka kwenye ua wa shule. Tulilala juu ya magunia chini ya mahema ya plastiki, mvua inanyesha, choo hakuna ila mtaro, na maji tunachota kwenye mtaro ule ule. Treni moja ilikuja, mume wangu akapanda juu ya paa lake ili atangulie kututafutia mahali. Ya pili haikuja. Tulisubiri wiki juu ya wiki. Kila asubuhi watu waliwazika watoto nyuma ya bohari, na mwishowe hakuna aliyeuliza tena ni wa nani.

Homa ikanikamata mimi. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana, na homa ilipokwisha, maziwa yalikuwa yamekwenda nayo. Nilimpa mwanangu ziwa, akavuta, akavuta, akaniangalia. Nilijikamua nikaona tone, kisha hata tone hakuna. Tukamkorogea uji mwembamba kwa maji ya mtaro, ukampitia kama ulivyoingia, mara damu. Alilia kwanza. Mtoto anayelia bado ana nguvu. Baadaye akaacha, akawa anafungua mdomo tu bila sauti, na utosi wake ukazama ndani kama kisahani. Mimi nilijua inayofuata ni bohari. Wote tulijua.

Na pale pale, hatua chache tu kutoka kwenye gunia langu, yaya alikuwa akinyonyesha. Mgonjwa vile, mifupa mitupu, lakini maziwa Mungu alimwachia. Yalikuwa yanatona mpaka kwenye kitenge chake.

Ilikuwa adhuhuri, jua limetoka baada ya mvua, mvuke unapanda kwenye magunia. Mama alimchukua mwanangu mikononi mwangu, akamfikisha kwa yaya, akamnyooshea. Kwa watu wetu hilo si jambo la kuomba. Mtoto wa mdogo wako ni wako. Ziwa la yaya ni ziwa la mama.

"Mupatie maziba," mama akasema.

Yaya alimtazama mtoto. Mikono yake ilinyanyuka yenyewe kumpokea. Kisha akairudisha, akaikalia, nawaambieni, aliikalia mikono yake chini ya mapaja.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Mama, maziba nayo iko mayi ya mubiri."

Mama aliinamisha sikio, kama mtu anayetafuta alikosikia vibaya. Halafu akapasuka. "Mayi ni mayi! Maziba ni maziba! Tangu lini maziba ikakuwa mayi? Nani alikufundisha ile?"

"Nesi. Nilimufuata, nikamuuliza, mayi gani. Akaniambia kwa sikio. Ni damu. Ni ile ya bwana na bibi. Na maziba. Kopo hapana, mama. Jasho hapana. Maziba, ndiyo."

"Alisema mbele ya bantu wote mayi, na kwa sikio yako peke yako akasema maziba?"

"Ndiyo."

"Unasikia?" mama akanigeukia mimi. "Analipiza juu ya kopo. Tulimupatia kopo yake, sasa anauwa mutoto."

Nami niliamini hivyo hivyo. Nilitambaa mpaka miguuni pake, nikamshika kifundo cha mguu, nikamwambia, "Yaya, anakufa. Mwangalie. Anakufa." Akasema hapana. Nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika, na siombi radhi kwa lolote, kwani uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi wangu alikuwa anazima mbele ya macho yangu.

Mama akamnyooshea kidole mtoto wa kike aliyekuwa bado amefungwa kwa kitenge kifuani pa yaya. "Na ule wako? Kama maziba ni mubaya, juu ya nini unamupatia ule wako?"

Hilo ndilo lililomvunja. Aliinamisha kidevu juu ya kichwa cha mtoto. "Wangu alishakunywa tangu kuzaliwa," akasema. "Nikimukatalia, anakufa leo. Nikimupatia, labda kesho. Ule mwengine bado hajakunywa. Mumutafutie mama mwengine. Mama, minakuomba, mumutafutie mwengine."

Kisha akalia. Yaya hakuwa mtu wa kulia. Mume wake alipozikwa alikaza taya tu. Pale alilia kwa mwili mzima, mikono bado ameikalia, machozi na kamasi vikimwagika mpaka kidevuni, asijifute. Pamoja na hasira zangu zote, niliinua ncha ya kitenge changu nimfute. Alikuwa yaya wangu. Mama alinipiga mkono.

"Usimuguse!" akafoka. "Machozi nayo ni mayi ya mubiri."

Nikaushusha mkono. Watu waliokuwa karibu wakasogeza magunia yao. Yaya alilia mpaka alipomaliza, na hakuna aliyemfuta.

Alipomaliza aliinuka. Alimlaza mtoto wake juu ya gunia, akafunga kopo lake la buluu kwenye pindo la kitenge, akaenda. Mama akasema aende zake, mchawi. Yaya alipita kwenye tundu la seng'enge, akaingia upande wa wale waliotufukuza, mtu ambaye hata kusimama kulimchosha. Nilidhani hatarudi. Kwa kweli sikujali.

Jua lilipoinama alirudi na mwanamke wa Kilunda, kabila la wenyeji, mtu wa Sandoa, mnene, mwenye kichwa kigumu, aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha kando ya stesheni. Alikuwa na mtoto wake mgongoni. Sijui yaya alimwambia nini. Huyo mwanamke alisimama juu yetu akiangalia kulia na kushoto, maana wenzake wangemwona wangemchoma.

"Leta, leta haraka," akasema kwa ukali. "Niliacha bintu yangu pale, batakuja kuiba."

Mwanangu hakuwa na nguvu za kuvuta. Mwanamke akamkamulia mdomoni, tone, tone, akimtukana: "Kunywa, weye, mi siko na siku nzima." Akameza. Akameza tena. Jioni akakojoa, na mimi nikalia kwa sababu ya mkojo. Mwanamke yule alikuja kila siku, akilalamika kila siku, mpaka treni ilipofika. Mama yangu alipiga magoti mbele yake akamshika miguu. Kisha aligeuza kichwa akamwambia yaya, mbele za watu, "Unaona? Mutu wa kabila ingine alikubali. Weye wa tumbo moja ulikatala."

Yaya akamgeukia mtoto wake, akampa ziwa. Nafikiri alikuwa amechoka kueleza.

Treni ilikuwa ya mabehewa ya mizigo. Yaya alikufa ndani yake, baada ya Kamina, amejikunja pembeni, kopo lake kichwani pake. Tulipewa muda mfupi wa kumzika kando ya reli. Maiti ya mwanamke inaoshwa na wanawake wa kwao, hata vita viwepo inaoshwa, lakini hakuna aliyetaka kuyagusa yale maji yakishapita mwilini mwake. Mama alisimama na ndoo mkononi, akaitazama ndoo, akaimwaga chini. Tukamfunga katika kitenge chake kama alivyokuwa. Kopo tuliliacha juu ya kaburi.

Binti yake tulimlea mimi na mama, katika mji wa kwao mama huko Kasai, mji usio wetu, ambako mume wangu alikuwa ametupatia chumba na watu walitucheka kwa Kiswahili chetu. Alitembea akiwa amechelewa. Alisema maneno machache, mojawapo jina langu. Kisha mdomo wake ukajaa utandu mweupe, akakataa chakula, akakonda kama baba yake na mama yake, na tukamzika akiwa hajaota meno yote. Mama alisema ni laana ya maziwa yaliyonyimwa. Mwanangu alikua, akawa mrefu, anainama mlangoni, na kila alipoumwa hata mafua bibi yake alimwambia: "Shangazi yako alikukatalia maziba. Ukapona na ya mutu wa kando." Tunasema shangazi, ingawa alikuwa mama yake mkubwa, kwa sababu mama alikataa kumpa yaya jina la mama.

Miaka ikapita. Watu wakaanza kurudi Kolwezi kidogo kidogo, nasi tukarudi. Mji ulikuwa umechimbwa mpaka chini ya vitanda. Nyumba yetu ilikuwa na wengine ndani, na kabati yangu sikuiuliza. Mwanangu akaoa. Mkewe akashika mimba, nikamsindikiza kliniki, na mama, ambaye macho yalikuwa yamefifia lakini hataki kubaki nyumbani, akasema naye anakwenda. Basi tukaketi mstari wa mbele, mkaza mwanangu kati yetu. Mama mkwe sasa nilikuwa mimi.

Aliyefundisha alikuwa binti mdogo, nywele amesuka, hana haya hata chembe. Alitaja kila kitu kwa jina lake mbele yangu, mkaza mwanangu akainamisha kichwa kwa aibu, na mimi nikataka kumkemea yule binti. Sikuweza. Alikuwa akihesabu kwa vidole: damu. Ya mwanaume. Ya mwanamke. Na maziba ya mama. Akasema siku hizi mama akipimwa akapewa dawa, anaweza kuzaa na kunyonyesha na mtoto akapona. Akasema na wembe msishirikiane. Akasema haipiti katika kopo, wala sahani, wala jasho, wala kukumbatiana.

Damu, ile ya bwana na bibi, na maziba: ndivyo yaya alivyotuhesabia, mikono ameikalia. Sikuthubutu kumwangalia mama. Nilisikia pumzi yake tu, nzito, kama ya mtu aliyepanda kilima.

Kisha mama akanyoosha mkono juu, kama mtoto wa shule.

"Na machozi?" akauliza.

"Machozi hapana, mama," binti akajibu, anatabasamu. "Machozi haina kintu. Unaweza kumupanguza mutu machozi, hapana shida."

Mama aliuacha mkono wake hewani. Binti akadhani hajasikia vizuri, akasogea karibu, akamwinamia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi ili kikongwe asikie.